Tazama Miguu Kwanza

Wiki tatu zilizopita nilikaa harusini, safu ya pili, nikasikia fidla moja ikisifiwa mpaka nikatamani kuziba masikio. Mshika kipaza sauti alitangaza kuwa ni fidla ya Kiitaliano. Vigelegele vikapigwa. Bibi mmoja aliyekwenda kutunza aliifikia, akaipitishia kidole kwenye vanishi kama anayepapasa shavu la mjukuu, akasema, "Mashaallah, inang'ara!" Kweli iling'ara. Viatu vya bwana harusi navyo viling'ara, na hakuna aliyeviomba viimbe.

Macho yangu yalikwenda moja kwa moja kwenye daraja. Lilikuwa limeinamia upande wa shingo kama mtu wa gatini anayechungulia iwapo boti ya Dar es Salaam imeshatokeza. Mguu wa kulia umekanyaga, wa kushoto umeinua kisigino. Kijana hajavuta upinde bado, nikamnong'oneza jirani yangu kuwa uzi wa nne utakoroma na wa kwanza utapiga mluzi. Ukakoroma, ukapiga mluzi. Ukumbi ukashangilia, na jirani yangu, mtu mzima na heshima zake, akaniambia, "Yakhe, wewe una husuda."

Haya, iwe husuda. Husuda yangu ina miaka 40 ya kuchonga, kufungua, kubandika na kupiga fidla hapa Unguja, na kwa muda wote huo sijaona chombo kinachohukumiwa kwa vitu visivyohusika kama hiki. Mtu akinunua ng'ombe humtazama meno. Akinunua fidla hutazama rangi.

Na kikaratasi. Hicho ndicho kipenzi chao. Mtu huinama, hufumba jicho moja, hutia la pili kwenye tundu la F, kisha huinuka na uso wa aliyefunuliwa siri: Stradivarius! Ndiyo bwana, Stradivarius. Ninazo tatu kabatini, na mojawapo haina mgongo. Antonio Stradivari alifariki Cremona, Italia, mwaka 1737, na vyombo vyake vilivyobaki duniani kote havifiki elfu moja. Lakini viwanda vya Markneukirchen kule Ujerumani na vya Mirecourt kule Ufaransa vilibandika jina lake ndani ya fidla za bei ya chini miaka nenda miaka rudi. Wala sidhani walikusudia kumlaghai mtu. Kwao jina lilitaja umbo lililoigwa, kama sisi tunavyosema kanzu ya Kiomani, nayo imeshonwa Darajani. Ukiona kikaratasi chenye jina la Stradivari, mwaka 1721, na chini yake kwa Kiingereza imeandikwa kuwa chombo kimetengenezwa Ujerumani, jua kuwa ni Wamarekani walioitunga sheria ya ushuru ya mwaka 1890, iliyotaka kila bidhaa iingiayo kwao iandikwe nchi ilikotoka. Jamaa mmoja alinibishia katika hilo, akasema huenda Stradivari alikwenda Ujerumani kutembea. Nikamjazia kikombe cha kahawa.

Umbo nalo si shahidi wa kutegemewa. Jean-Baptiste Vuillaume, fundi wa Paris, aliletewa fidla ya Paganini, ile aliyoichonga Guarneri "del Gesù" mwaka 1743, ambayo leo imehifadhiwa Genoa. Akaitengenezea nakala. Inasimuliwa kuwa Paganini aliwekewa zote mbili mbele yake akashindwa kuitambua ya kwake kwa macho, aliitambua alipozipiga. Ikiwa Paganini macho yalimponyoka, bibi wa harusini ataona nini kwa kidole?

Konokono wa kichwani nampitia upesi: ni pambo, na pambo zuri, lakini halina sauti. Mistari ya ukingoni, hakikisha imechomekwa ndani ya ubao na haikuchorwa kwa wino. Nimeziona za wino zikifutika kwa jasho la kidevu. Rangi njema ni ya asali iliyokaa. Fidla nyekundu sijawahi kuikuta na adabu. Vanishi ya kazi haionekani kutoka safu ya tatu. Na mtu mzima hupiga fidla yenye kikazio kimoja tu kwenye mkia, cha uzi wa kwanza. Vikazio vinne ni vya watoto wa skuli. Ukiniuliza dalili ya haya sina, lakini sijapata kukosea.

Sasa njoo kwenye miguu.

Daraja ni kipande cha mepo cha gramu 2 hivi. Halikubandikwa, halikupigiliwa, halikufungwa. Linasimama kwa kubanwa na nyuzi, na nyuzi hizo hulikandamiza kwa uzito wa kilo 7 au 8 juu ya tumbo la msonobari lenye unene wa milimita 3 hivi. Ndani, chini ya mguu wa kushoto, umepita mhimili wa besi. Nyuma kidogo ya mguu wa kulia kimesimama kijiti tunachokiita roho. Chochote utakachokifanya kwa upinde, uwe umejifunza Cairo au kwa Mzee wa mtaa wa pili, lazima kiteremke kwa miguu ile miwili ndipo kiingie ndani ya sanduku. Mlango mwingine wa maana hakuna.

Na tumbo la fidla si bapa. Lina mwinuko, mwinuko wa kila fidla ni wake peke yake, na kushoto si sawa na kulia. Kwa hiyo halijazaliwa daraja la kutoka dukani likakaa. Yanayouzwa dukani, hata yale yenye chapa ya Aubert wa Mirecourt, ambayo mepo yake ni nzuri, ni mabichi. Yameachwa manene kwa makusudi, juu kama ukuta, chini kama ndara, ili fundi ayapunguze mpaka yalingane na tumbo litakaloyabeba. Asiyejua huona ule moyo uliotobolewa katikati, huona chapa, akadhani kazi imekwisha. Hulisimamisha kama lilivyo. Ni sawa na kununua kitambaa cha kanzu, ukajitupia begani na kwenda nacho Ijumaa. Fidla ya harusi ile ilikuwa na daraja la namna hiyo hasa, chapa inaonekana mpaka kwetu safu ya pili, na nina hakika muuzaji aliitaja chapa hiyo alipokuwa akihesabiwa pesa.

Maalim wangu, Mungu amrehemu, alikuwa akipaka chaki nyembamba juu ya tumbo, analisimamisha daraja, analisogeza unywele mmoja, analinyanyua na kutazama nyayo. Pale chaki iliposhika ndipo palipoinuka. Anakwangua kwa ncha ya kisu, kiasi cha vumbi lisiloonekana, anafuta, anapaka tena. Siku moja nilimhesabia mara 60 kwa mguu mmoja, kisha usingizi ukanichukua nikiwa nimekaa. Nilipozinduka alikuwa bado. Nikamuuliza, "Maalim, si limeshakaa?" Akasema, "Limekaa. Halijatulia." Mwaka mzima nilidhani ananichezea. Siku nilipoisikia tofauti yake, uzi wa tatu ukiwa wazi, bila kidole, nilinyamaza mpaka jioni.

Msasa hakuugusa. Msasa hula pembe. Mguu uliosuguliwa kwa msasa hukanyaga katikati, lakini ukingo wake umejikunja kama kandambili ya zamani, na ukingo ndio wenye kubana. Wapo mafundi wanaotandaza msasa juu ya tumbo lenyewe na kulisugulia daraja papo hapo, kwenda na kurudi, kama wanaosugua sufuria. Dakika 5, pesa imeingia mfukoni. Siwataji. Kazi yao naijua nikiwa upande wa pili wa barabara.

Kipimo hakihitaji ufundi. Chukua karatasi nyembamba, risiti ya dukani yatosha. Ijaribishe kwenye ukingo wa kila mguu, mbele, nyuma na pembeni. Ikiingia hata kwa kiasi cha ncha ya ukucha, irudishe fidla. Washa tochi ya simu upande mmoja na uchungulie upande wa pili: ukiona mwanga unaopenya chini ya mguu kama mwanga wa chini ya mlango, irudishe fidla. Ncha za vidole vya miguu ziwe na unene wa milimita 1. Zaidi ya hapo daraja limevaa buti. Juu, nyuzi zinapopita, lisizidi milimita 1.5. Kisha tazama mgongo wake, upande wa mkia. Huo usimame wima juu ya tumbo, pembe mraba. Upande wa mbele ndio wenye kupinda na kukondea juu. Wanaoanza huuona mpindo wa mbele wakadhani daraja limelala nyuma, wakalisukuma liende shingoni ili liwe sawa. Msiba huanzia hapo.

Maana hata lililochongwa vizuri haliachwi peke yake. Kila kigingi kikikazwa, uzi huvuta kichwa cha daraja mbele. Sisi tuna mtihani kuliko wenye fidla wa Ulaya. Baadhi yetu hufuata Wamisri, nyuzi mbili za juu zinateremshwa ziwe sol na re. Kesho yake hoteli inataka muziki wa kizungu, nyuzi zinapandishwa tena la na mi. Shusha, pandisha, shusha, pandisha, na kila kupandisha daraja linaiba nusu milimita. Mpigaji mwenye adabu akishatia nyuzi hushika kichwa cha daraja kwa vidole viwili vya kila mkono na kulirudisha, kabla ya kusalimia watu. Nilimwona mpigaji mmoja wa zamani akifanya hivyo katikati ya wimbo, ganuni ikiwa inamjibu mwimbaji. Aliigeuza fidla, akalisimamisha, akairudisha begani na kuingia mahali pake bila kupungukiwa hata pigo moja. Ukumbi mzima ulikuwa ukimtazama mwimbaji. Kwangu mimi lile ndilo lililokuwa onyesho la usiku ule.

Wadanganyifu wengine wasidhani nimewasahau. Ubao wa vidole, kwa mfano, huwa mweusi, na kwa kuwa sisi ni watu wa nchi ya mpingo kila muuzaji huapa kuwa ni mpingo. Mpingo wetu wa Kilwa hupelekwa Ulaya ukawa klarineti na obo; weusi wa fidla kwa kawaida ni mti mwingine. Hiyo si hoja kubwa. Hoja ni kwamba fidla za bei ya kutupa zina mti mweupe uliopakwa rangi nyeusi. Niliwahi kupiga kando ya bwana mmoja aliyenunua ya namna hiyo. Kufika saa tano usiku, kwa joto la Machi, vidole vyake vya kushoto vilikuwa vyeusi kama vya mpaka viatu rangi, na kola ya kanzu imechukua fungu lake. Alidhani ni ugonjwa.

Baya zaidi ni gundi. Gundi ya fidla hupikwa kwa ngozi ya ng'ombe na hutiwa ikiwa moto. Masika ya kwetu huishinda. Ukingo huachia, fidla inanguruma kama nyuki, na mwenyewe huja analaumu. Haelewi kuwa gundi imemfanyia hisani: imeachia yenyewe ili ubao usipasuke. Fundi anaifungua, anaisafisha, anaibandika tena, na hivyo ndivyo chombo kinavyoishi miaka 200. Nililetewa fidla nzuri ya Kijerumani ambayo mtu "aliitengeneza" kwa ile gundi ya kichupa kidogo inayogandisha vidole. Haitafunguka tena mpaka kiyama, ila kwa kuvunjwa. Huyo naye nasikia anasifiwa kwa kazi imara.

Na wapigaji? Wao hupimwa kwa kasi ya mkono wa kulia na kichwa kinavyotikisika. Mimi nasikiliza ile robo ya Rasti na ya Bayati, sauti iliyokaa kati, ambayo kinanda cha umeme hakina mpaka kitafutiwe vitufe, na wengi hawatafuti. Fidla haina vizuizi shingoni, kwa hiyo robo hiyo iko chini ya kidole, ukiwa na kidole. Ndiyo sababu Waarabu waliikumbatia fidla ya Kizungu kama waliyozaa wenyewe. Sami al-Shawwa aliifanya izungumze Kiarabu fasaha, na taarabu yetu, ambayo husimuliwa kuwa ilianza pale Seyyid Barghash alipomtuma Mohamed Ibrahim kwenda Misri kujifunza ganuni, haikuchelewa kuifuata.

Lakini tazama mzunguko unarudi wapi. Daraja likiwa refu mno, nyuzi hukaa juu mno. Kidole hulazimika kuukandamiza uzi, na uzi ukikandamizwa hupanda. Robo imekwenda. Mwishoni mwa ubao wa vidole, uzi wa kwanza uinuke milimita 3 au 3.5, wa nne 5 au 5.5. Fidla ya kijana yule, kwa macho yangu, ilikuwa imezidi kwa milimita 2 nzima. Watu wakasema kijana hajui maqamu. Huenda anayajua. Fidla yake ndiyo haikumruhusu.

Nilipoanza, niliikuta safu ya fidla sita jukwaani, shingo zimeelekea upande mmoja, pinde zinapanda na kushuka kama makasia ya ngalawa moja. Ikhwani Safaa ni ya mwaka 1905, Culture ni ya mwaka 1958, na wazee wa vikundi hivyo walikuwa wakimrudisha mtu nyumbani kwa ajili ya uzi mmoja uliochakaa. Hawakuwa na pesa kutushinda. Harusi ilikwisha saa nane usiku, fungu likagawanywa kwa watu 20, na uzi wa kwanza ukikatika umekula nauli na chakula cha kesho. Namjua aliyetia mshipi wa kuvulia changu badala ya uzi wa tatu na akapiga nao miezi miwili, na sauti, wallahi, haikuwa mbaya. Singa za upinde zilisubiri mtu anayerudi kutoka Ulaya au Misri, maana mkia wa punda ni mfupi, na usiniulize nimejuaje. Lakini madaraja yao yalikuwa wima. Leo ukikuta fidla mbili jukwaani ushukuru. Nyingine zote zimo ndani ya kinanda, kwenye kitufe kimoja.

Sisemi hakuna vijana. Chuo cha muziki cha nchi za jahazi kilifunguliwa hapa mjini mwaka 2002, na nimekutana na mabinti waliopitia hapo wanaoshika upinde vizuri kuliko mimi nilivyoushika kwa umri wao. Mmoja wao alikuja kwangu kununua daraja, akatoa karatasi mkobani kabla sijamwambia. Nilimpunguzia bei, jambo ambalo mke wangu hakuliamini.

Jumatatu iliyopita yule kijana wa harusini alibisha hodi. Shikamoo, marahaba. Chini ya kwapa ana sanduku. Daraja lilikuwa limeanguka usiku wa Jumamosi, katikati ya wimbo wa tatu. Roho nayo ikaanguka, na ncha ya mkia ikatoboa vanishi ile iliyosifiwa.

"Maalim, tuliuziwa ni ya Kiitaliano."

"Ni ya kiwandani, mwanangu, China au kwingineko. Lakini mbao zake si mbaya."

Na kweli si mbaya. Msonobari una mistari iliyonyooka na kukaribiana, gundi ni ya haki, shingo imeingia sawasawa. Nimeisimamisha roho, nimemchongea daraja jipya kwa siku mbili, na vanishi sikuigusa. Alipovuta uzi wa tatu bila kidole, alinitazama, akavuta tena. Alitaka nimwambie nimebadilisha nini. Nikampa kipande cha risiti na kumwonyesha pa kukijaribu.

Mwenye fidla ya kuletwa ailete kabla ya Alasiri. Miguu ya daraja siichongi kwa taa.